Jipu la Kawelo

Mume wangu Kawelo alikuwa dereva wa lori la kokoto, kazi ya kukalia, kwa hiyo jipu lilipomtoka kwenye tako la kushoto mambo yaliharibika. Kwanza aliendesha kwa tako moja. Kisha tajiri wake akamwambia aende nyumbani, maana lori lilikuwa linapinda kufuata upande alioegemea.

Nilimpeleka kwa shangazi yake, Kahiwa, anayetibu watu kwa majani huku upande wetu wa kisiwa cha Molokai. Shangazi alilitazama jipu, akanawa mikono, akasema dawa yake ni majani ya laukahi yaliyopondwa na chumvi ya bahari.

"Basi nipondee, Shangazi."

"Leo sichumi. Mwezi uko nusu. Hizi ni siku za Ole."

Ole maana yake hakuna. Hatupandi, hatuvui, na Shangazi hachumi jani.

"Jipu halijui mwezi," Kawelo alisema.

"Halijui. Mimi najua. Na hata mwezi ukikaa sawa, sikugusi mpaka uniambie umegombana na nani."

"Sijagombana na mtu."

Nilitazama ukuta. "Amegombana na kaka yangu," nikasema.

Kaka yangu Makaio na Kawelo walikuwa wamekwenda mlimani kuwinda nguruwe. Poki, mbwa wa Makaio, ndiye aliyemkamata nguruwe, naye akapasuliwa ubavu. Makaio alibaki na mbwa. Kawelo akapeleka nguruwe kwenye sherehe ya mtoto wa tajiri wake, nguruwe akaokwa shimoni, akaliwa, na Kawelo akapigiwa makofi kwa kumkamata peke yake. Tangu hapo Makaio akitupita barabarani alikuwa anatazama baharini, hata mahali ambapo bahari haionekani.

Siku za Ole zilipopita, Shangazi alituita sote kwa chakula cha mchana. Makaio alikuja, maana Shangazi hakataliwi. Akaketi. Kawelo alikula amesimama. Mezani palikuwa na bakuli la poi, rojo la magimbi yaliyopondwa, na kwetu bakuli hilo likiwa wazi hakuna kugombana. Basi wanaume wale walikula. Wakashiba, wakaendelea kula. Makaio, ambaye hapendi poi, alijiongeza tena na tena.

Shangazi akasali, sala ndefu iliyowataja marehemu wetu kwa majina. Kisha akafunika bakuli.

"Haya," akasema. "Gombaneni."

Kawelo alikohoa. "Nguruwe ni nguruwe tu, shemeji."

"Nani kakuuliza habari ya nguruwe? Umewahi kuuliza Poki anaendeleaje?"

Kawelo akafikiri. "Anaendeleaje?"

"Ndiyo unauliza leo?"

"Nauliza leo."

"Alikufa. Alikaa anatazama mlango, halafu akafa."

Kawelo hakujua. Mimi nilijua, ila kaka alikuwa amenikataza kusema. Kawelo akavuta kiti akaketi kwa uzito wake wote. Yowe alilopiga liliwatoa majirani nje. Jipu lilikuwa limepasuka.

Hakuna aliyecheka. Makaio ndiye aliyemshika kwapani, akamlaza kifudifudi mkekani. Akiwa hivyo hivyo, uso chini, Kawelo alimwomba msamaha kwa ajili ya Poki, kisha nguruwe, kisha makofi. Makaio akasema amesamehe. Shangazi akamuuliza kila mmoja kama kweli imekwisha. Wakasema imekwisha. Likishasemwa hilo kwetu, jambo halifukuliwi tena.

Shangazi akachukua kikapu chake.

"Majani bado yanahitajika?" nikauliza.

"Kidonda hakijasameheana na mtu," akasema, akatoka kwenda kuchuma.

Makaio ndiye aliyeponda.

"Chumvi itauma," alisema.

"Kiasi gani?"

"Nitajuaje, shemeji? Mimi sina jipu."

Akampaka dawa mwenyewe. Kawelo aliuma mkeka, Makaio akaendelea kupaka, taratibu kuliko ilivyohitajika.

Kidonda kilikauka kabla mwezi haujaanza kupungua, na Kawelo akarudi kwenye lori. Makaio hajachukua mbwa mwingine. Anasema hana haraka.