Mkono wa Kushoto wa Nilsa

Nilsa Benegas alifika Kuopio, Ufini, mwezi Agosti kusomea gitaa, akitokea Encarnación, kule Paraguay, ambako watu hunywa chai yao ya majani ya mmea uitwao mate kwa maji ya barafu kwa sababu ya joto. Agosti hiyo ilimdanganya. Watu walikuwa wakiogelea ziwani, jua likikawia kutua, naye akampigia mama yake simu kumwambia kwamba habari za baridi ya Ufini zimetiwa chumvi.

Oktoba ilipoingia alianza kuvaa nguo zake zote kwa mpigo. Wenzake wa hosteli walimtania. Venla, binti wa huko huko aliyetumia naye jiko moja, alimuuliza kama Januari atajifunga na pazia. Nilsa alicheka pamoja nao, lakini maneno yale yalimkaa moyoni. Hakutaka kuwa yule mgeni anayetetemeka kila anapoonekana. Akaamua kuzoea, na kuzoea kwake kukawa ni kupunguza. Aliacha skafu ya pili. Aliacha glavu nene, akidai zinamfanya ashike vitu kama mtu aliyefungwa bandeji, akabaki na glavu nyembamba za ngozi. Kufikia Desemba, akiulizwa hali, alijibu kwamba ameshazoea. Wenyeji walinyanyua nyusi wasiseme neno. Watu wa kule si wepesi wa kumwingilia mtu katika mambo yake.

Siku moja ya Januari alikwenda kuwapigia gitaa wazee katika makao yao, kijijini ng'ambo ya ziwa. Mambo yalikwenda vizuri. Wazee walimpa kahawa na kipande cha mkate uliookwa na samaki ndani, wakamwomba arudi. Alipotoka ilikuwa alasiri, na giza lilishaingia, kama ilivyo huko majira ya baridi. Alisimama kituoni na koti lake jeusi, bila hata kipande kimoja cha kitu kinachong'aa kikimulikwa na taa za gari. Basi likaja, likapita. Dereva hakumwona.

Alitoa simu, nayo ikazimika mkononi kwa baridi. Makao ya wazee yalikuwa pale pale nyuma, juu ya kilima, taa zake zikionekana. Lakini aliona haya kurudi na kusema kwamba ameachwa na basi kama mtoto. Akashika barabara ya kwenda mjini kwa miguu.

Gitaa alilibeba kwa mkono wa kushoto, kwa sababu mpiga gitaa huzitunza kucha za mkono wa kulia kama macho yake, na mkono ule alikuwa ameuficha mfukoni. Mwanzoni vidole vya kushoto vilimuuma hadi akauma meno. Halafu maumivu yakapungua, kisha yakaisha kabisa. Nilsa alifurahi. Alijiambia kwamba mwili nao umejifunza sasa, akakaza mwendo.

Alipovua glavu hosteli, ncha za vidole vitatu zilikuwa nyeupe na ngumu kama mshumaa. Akaviweka chini ya maji ya moto ya bomba, wala hakusikia kwamba yalikuwa yakimuunguza. Kesho yake malengelenge yalikuwa yamejaa. Venla alipouliza, akaambiwa ni chai iliyomwagika.

Mtihani wa gitaa ulikuwa karibu. Nilsa aliogopa kwamba akisimamisha masomo atapoteza kibali cha kukaa nchini, arudishwe kwao hajamaliza hata mwaka. Kwa hiyo alifunga vidole kwa plasta na kuendelea kupiga. Malengelenge yalipasuka, yakatunga usaha, naye akabadilisha plasta na kunyamaza.

Mwalimu wake, Pentti Huuskonen, alikuwa mzee mwembamba ambaye wanafunzi wote walimwita Pentti tu, kama desturi ya huko. Nilsa hakuweza kuuzoesha ulimi wake kumwita hivyo. Siku ya zoezi la mwisho kabla ya mtihani mzee alimsikiliza kidogo, akainua mkono kumsimamisha.

"Toa hiyo plasta."

"Nilimwagikiwa na chai, mwalimu."

"Chai haichagui ncha za vidole. Toa."

Aliviangalia bila kuvigusa. Kisha akachukua koti lake.

"Tangu lini?"

"Wiki tatu sasa."

"Vaa. Twende kwa daktari."

Ndani ya gari Nilsa alieleza mambo ya kibali kwa sauti inayokatika. Pentti akamwambia kwamba hayo yana watu wake wa kuyaulizia, na angekuja mapema yangeulizwa mapema.

Daktari alisafisha vidonda, akatoa dawa, akasema kidole cha tatu hakijulikani kama kitapona. Hakikatwi kwa haraka. Kinasubiriwa miezi, mpaka chenyewe kionyeshe kilichokufa na kilicho hai.

Venla alipopata habari alikasirika. Alikuwa anaosha sufuria, akazigonganisha kuliko ilivyohitajika.

"Unajua kinachoniudhi? Si kuganda. Kuganda kila mtu ameganda." Akasogeza nywele, akaonyesha sikio lililomeguka ukingo. "Mimi hili liliganda nikiwa shule ya msingi, kwenye mashindano ya kuteleza thelujini. Lakini wewe ulikaa unasema umezoea."

"Niliona ninyi mmezoea."

"Nani kakwambia? Sisi hatujaizoea, dada. Tunaiogopa. Ndiyo maana tunavaa."

Kibali hakikupotea. Chuo kilimruhusu kusoma nadharia na historia ya muziki majira yote ya kuchipua, na mtihani wa gitaa ukasogezwa hadi vuli. Ila kusubiri kulimla. Ncha ya kidole ilikuwa nyeusi, kavu, na kila asubuhi aliichunguza dirishani. Mama yake alipopiga simu ya video, ngoma za kanivali, sherehe ya mitaani ya mji wao, zikisikika nyuma yake, Nilsa alionyesha uso peke yake.

"Mbona hunionyeshi mikono, mwanangu?" mama aliuliza siku moja.

Akamwonyesha. Mama akauliza kama kinauma.

"Hakiumi, Mama. Ndiyo shida yenyewe."

Mama alitaka arudi nyumbani. Nilsa akakataa, na baada ya kukata simu akakaa akijiuliza kama huo ni ujasiri au ni ukaidi ule ule.

Mwezi Juni ile ncha ilidondoka yenyewe. Vidole viwili vilipona. Cha tatu kilibaki kifupi kidogo, hakina ukucha wala hisia, ikambidi akitazame ili ajue kiko kwenye uzi upi. Pentti alikaa naye majira yote ya joto akiandika upya kwa penseli, kwenye karatasi za muziki, kidole kipi kibonyeze uzi upi, wimbo baada ya wimbo. Baadhi ya nyimbo hazikupangika, wakaziweka kando. Katika mtihani wa vuli hakung'ara, lakini hakuanguka.

Novemba theluji ilirudi. Sasa mkono ule uliingiwa na baridi upesi kuliko zamani, hata ndani ya glavu nene za manyoya. Kila walipokwenda chuoni pamoja, Venla alimuuliza njiani, "Vidole?" naye akajibu ukweli, siku nyingine kwa kuona aibu.

Asubuhi moja alijibu, "Sivisikii."

Wakaingia duka la karibu. Nilsa alivua glavu, akasimama kando ya rafu za mikate huku amebana mkono kwapani. Muuzaji aliwatazama, akaendelea na kazi yake. Muda ukapita, kisha vidole viwili vikaanza kuuma, vikauma mpaka machozi yakamlenga.

"Vinauma," alisema.

"Vizuri," Venla akasema. "Tukae kidogo."

Darasani walichelewa.