Swichi Nyuma ya Aproni

Ti.

Kimya. Kisha tena: ti.

Mama Chiriku aliujua mlio huo kuliko wa simu yake. Ilikuwa inveta, kile kisanduku cha umeme wa betri kilichotundikwa ukutani kule koridoni, ikilalamika kwamba betri inakwisha. Kulikuwa hakujapambazuka, na mwili ulimuuma kana kwamba shuka zote alizokunja jana kwenye chumba cha kufulia cha hospitali zilikuwa zimepangwa juu ya mgongo wake. Dakika moja tu, alijiambia. Lakini kati ya mlio na mlio akasikia jingine: kifua cha bintiye kikipiga filimbi nyembamba. Akaruka kitandani.

"Mwanangu, niambie umeota nini."

"Nimeota paka..." Mtoto akavuta hewa. "Mkubwa sana..."

Mawili mawili. Huo ndio ulikuwa mzani wao. Muuguzi wa kliniki aliwafundisha wahesabu maneno anayoweza kuyasema kwa pumzi moja. Akiwa mzima, mtoto huyu wa miaka sita alimaliza hadithi nzima bila kituo, ndiyo maana bibi yake alimpachika jina la Chiriku. Yakifika mawili, avutishwe dawa kwa mashine ya mvuke. Yakigoma kupanda hata baada ya mashine, hospitali mbio.

Na mashine ilitaka umeme.

Umeme wa mtaa ulikuwa umezimwa siku ya nne sasa, mafundi wakibadilisha transfoma. Nyumba ilitegemea paneli mbili za jua juu ya bati, alizozifunga mumewe kabla hajaondoka na lori lake. Paneli zilishe betri mchana, betri iendeshe mashine asubuhi na jioni. Siku tatu mambo yalikwenda vizuri. Jana jioni, aliporudi kazini, akakuta betri imebaki vistari viwili kati ya vitano, na jua liliwaka kutwa kama limetumwa.

"Mama, redio tena?" alimuuliza mama mkwe wake, bibi yake Chiriku, hata viatu hajavua.

"Nimesikiliza taarifa ya habari tu, mwanangu."

"Taarifa ya habari ya kutwa nzima?"

Bibi alichomoa waya wa redio, akauviringisha taratibu, akaipandisha redio juu ya kabati. Walikula, kila mtu na sahani yake.

Sasa bibi alikuwa ameshatangulia koridoni na tochi ya simu.

"Huyo naye!" alisema, akiimulika inveta. "Hata mimi mama mkwe silalamiki hivyo."

Mama Chiriku alitaka kucheka, lakini kicheko kilikosa nguvu ya kupanda. Wakachomoa kila kitu: friji, chaja, taa ya jikoni. Bibi akaketi kitandani, akampakata mjukuu wima kifuani pake. Mama akatia dawa kwenye kikombe cha mashine, akamvika mtoto barakoa, akabonyeza. Mashine ikanguruma na mvuke ukapanda. Dakika kumi ndizo zilizotakiwa. Ya tatu ikapita, ya nne, ya tano. Katika ya sita inveta ikaanza kupiga ti-ti-ti mfululizo, halafu nyumba nzima ikanyamaza.

"Imekata," bibi alinong'ona.

Mama akamvua mtoto barakoa. "Paka huyo alikuwa wa rangi gani?"

"Alikuwa na madoa..." Pumzi. "Meusi na meupe."

"Matatu," alisema mama, vidole vitatu hewani.

"Matatu si mawili," alisema bibi. "Tusubiri jua. Yakirudi mawili, namfunga mgongoni mwenyewe, tunakwenda."

"Na goti lako, mama?"

"Goti halijaulizwa."

Kulipopambazuka, Mama Chiriku alisimama mbele ya inveta. Jua lilikuwa limeshagusa bati. Taa ndogo ya kijani, ile yenye picha ya jua, ilipaswa kuwa imewaka. Haikuwaka. Akaufuata kwa macho waya uliotoka darini, ukateremka ukutani, ukapotelea nyuma ya aproni yake ya akiba iliyotundikwa kwenye msumari. Akaiondoa.

Swichi ya paneli ilikuwa imeshushwa.

Hapo yote yakamrudia. Jana asubuhi gari la shirika la umeme lenye kipaza sauti lilipita: "Zimeni kila swichi! Umeme ukirudi kwa kishindo utaunguza vyombo!" Naye, mguu mmoja ndani ya kiatu, Chiriku nyuma yake akimmwagia maswali, alitii kama yuko kwenye mtihani. Kila swichi maana yake kila swichi. Akaishusha hata hii, ambayo haikuwa na habari na umeme wa mtaa, kisha akatundika aproni akatoka mbio. Mchana bibi atakuwa ameziinua zile tu alizoziona.

Akaipandisha. Tak. Taa ya kijani ikawaka, na chumbani, mlango ukiwa wazi, Chiriku akageuza kichwa.

Betri iliyokauka haikuamka papo hapo. Karibu saa nzima Mama Chiriku aliketi kwenye sakafu ya koridoni, magoti yamekumbatiwa, akiwasikia wale wawili chumbani: maneno matatu, matatu, mara moja manne. Alikuwa na saa nzima ya kuingia na kusema. Miguu ilimwambia imechoka, naye akakubaliana nayo.

Hatimaye inveta ikatoa mlio mrefu wa kuamka. Wakaimalizia dawa iliyobaki. Mtoto akaegemea kifua cha bibi, mashavu yamerudiwa na rangi.

"Afadhali," alisema bibi. "Nisamehe, mwanangu. Redio ile siigusi tena mpaka umeme wa mtaa urudi. Ningemuua mtoto kwa taarifa ya habari."

"Yameisha, mama," alijibu Mama Chiriku. Akaizima mashine. "Mama, unajua, ile redio..."

Akaanza kuuviringisha waya wa mashine.

Chiriku alijivua barakoa mwenyewe. Akamtazama mama, akamtazama bibi, akavuta hewa mpaka ikajaa. Mama, kwa mazoea tu, akainua vidole ahesabu.

"Bibi, siyo redio, mama ndiye aliyezima ile swichi jana asubuhi."