Kreni ya Manariyo

Mimi sina subira na wanaume wazima wanaochezea magari ya watoto, na safari hii mdomo wangu uliniponza kwa hilo. Nilikuwa nimepeleka redio yangu kwa mzee Hamdani, fundi saa wa Ujiji. Nikamkuta amebandika kile kioo chao jichoni, anakagua kreni ndogo ya chuma, ya manjano, yenye matairi na mkono unaorefuka. Mzee mwenye wajukuu anaipuliza vumbi kama anapooza uji! Jioni, nyumbani Mwandiga, nikaisimulia kama kichekesho. Kaneza alikuwa anasonga ugali. Akauacha mwiko ndani ya sufuria.

"Mlango wake una rangi iliyobanduka?" akauliza.

Nikamwambia mimi sikutazama mlango. Hakula, na ugali ukaungua.

Kaneza ni Mrundi. Alikuwa anaishi kwangu bila kibali, ilhali wakimbizi wenzake wote wako kambini, na majirani niliwaambia ni mtoto wa ndugu yangu wa Kalinzi. Kiha chetu na Kirundi ni ndugu, kwa hiyo alimradi asiseme sana, uongo wangu ulikaa. Mumewe, Manariyo, alikuwa dereva wa kreni bandarini Bujumbura. Wazungu walioileta kreni yenyewe walimzawadia mfano wake mdogo, sahihi mpaka taa, naye akaupenda kuliko suti yake ya kanisani. Walipotezana njiani wakati wa kukimbia, watu wakipigwa risasi. Manariyo alikuwa ameifunga kreni ile kiunoni kwa kitambaa. Sasa kama imefika Ujiji, ama aliileta mwenyewe akiwa hai, ama mtu aliifungua kwenye maiti yake. Njia ya tatu hatukuiona, na Mungu anajua niliitafuta.

Asubuhi tukateremka Ujiji kwa miguu, tukikwepa barabara kuu kwa sababu ya askari. Kila pikipiki iliyopita Kaneza alinishika mkono. Nilimwambia aache kunifinya, mimi si mkate. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa kuliko yeye.

"Shikamoo, mzee," nikasema pale dukani.

"Marahaba, mama Agnesi. Redio bado."

"Si redio. Huyu mwanangu anataka kuiona ile kreni."

Hamdani hakufurahi. Yuko injinia mmoja mjini Kigoma anayekusanya mifano ya mitambo, naye alitaka kuinunua kreni ile, akamwomba Hamdani aikague, aseme bei yake. Injinia mwenyewe angeipitia baada ya adhuhuri. Lakini Hamdani ni mtu wa adabu, Kiswahili chake kinatoka kimepigwa pasi. Akaiweka mezani juu ya kitambaa cheupe na kuendelea na kazi yake kwa sauti, nadhani ili tuone kwamba si mchezo.

"Rangi ni ya kiwandani, nzuri. Ila mlango wa dereva umebanduka. Hiyo inashusha bei."

Kaneza akafumba macho. Rangi ile ilibanduka siku kreni ilipoanguka kwenye mafiga yao, na yeye ndiye aliyeiangusha. Basi kreni ni ile ile. Lakini hilo halikutuambia kitu. Mwizi wa maiti angeuza kreni ile ile, na mlango ule ule.

"Tairi moja si la kwake, limechongwa kwa ndala. Inashusha tena."

Nikamtazama Kaneza. Akaitikia kwa kichwa: na hilo lilikuwa la zamani, la nyumbani. Nikaanza kumchukia mzee wa watu bure. Kila alichokiita kasoro kilikuwa kipande cha nyumba ya mwenzangu, na hakuna hata kimoja kilichosema kama mwenye nyumba anapumua.

"Na hapa ndipo walipoiharibu hasa," akasema Hamdani, akionyesha mkono wa kreni. "Kreni ya namna hii huwa na waya mwembamba wa chuma. Huu ni uzi. Uzi wa buluu, huu wa kushonea midomo ya magunia ya unga wa msaada. Nitaukata, nitie waya wangu, iwe na sura."

Akachukua mkasi.

Kaneza aliinuka. Kiswahili chote alichojifunza kwangu kikamkimbia. "Oya, mutama. Raba gusa," akasema. "Gusa, gusa."

Kwa Kirundi alikuwa anamsihi mzee asikate, atazame tu: gusa kwao ni "tu", hakuna zaidi. Hamdani ni mtu wa Ujiji. Akasikia anaambiwa aguse. Akaona labda binti anataka kujua kama kamba inazunguka, akaweka mkasi chini, akaushika uzi kwa vidole viwili na kuuvuta.

Uzi ukatoka. Ukazidi kutoka, kigurudumu cha kuukunjia kikizunguka, nami nikaziba mdomo kwa khanga nikidhani ndiyo basi, ushahidi wetu wote unaishia mezani. Kaneza akapiga kelele moja ndogo. Uzi ukakwama. Mwisho wake ulikuwa umefungwa kwenye kigurudumu kwa fundo, na fundo lile lilikuwa limelalia upande usio wake.

"Ajabu," akasema Hamdani. "Huyu alifunga kinyume. Mtu wa mkono wa kushoto."

Kaneza aliinamia meza mpaka pua ikakaribia chuma. Hakuligusa lile fundo. Akaniambia kwa Kirundi, polepole, kwamba Manariyo alikuwa wa kushoto, na hata mbuzi wao alifungwa kwa fundo hilo, na kila asubuhi yeye Kaneza alilifungua huku akilitukana. Walipopotezana kreni ilikuwa na waya wake wa chuma. Uzi wa unga wa msaada usingepatikana ila huku, baada ya mpaka.

"Aliufunga yeye," akasema. "Yuko hai."

Mimi nilikaa chini kwenye kigoda cha wateja na kulia, mimi niliyekuja kumshika mwingine. Hamdani akatuangalia kwa zamu. Nilipomweleza, akavua kioo chake na kumsalimu Kaneza upya, kama mtu aliyeingia sasa hivi.

Lakini Kaneza alikuwa amekwisha kuacha kutabasamu.

"Mama Agnesi, muulize. Manariyo hawezi kuiuza. Njaa ilitupata, hakuiuza. Muulize kwa nini aliiuza."

Nikauliza. Hamdani akasema aliinunua kwa Jeremia, mchuuzi anayekwenda gulio la kambi moja huko Kasulu. Jeremia alimweleza kwamba mwenyewe aliitoa kwa shida, akiifuta na kuifuta. Alitaka pombe ya ndizi, tena nyingi, ya kuwatosha watu wa mlima wao, yaani wa kijiji chao cha Burundi.

"Ya nini?" nikauliza, ingawa mimi ni Muha, na mila zao nazijua.

"Ya kuanua tanga. Mkewe alikufa njiani wakati wa kukimbia. Alikuwa hajamfanyia msiba wa heshima." Hamdani akamtazama Kaneza. Aliona mwenyewe alichokisema.

Msiba ukishamalizwa namna hiyo, mume hunyolewa, ndugu hunywa, na neno "mjane" huondoka mlangoni kwake. Wazee huanza kumtafutia mke. Nilimuuliza Hamdani pombe hiyo ilinywewa lini. Akasema Jeremia alimletea kreni wiki iliyopita na watu walikuwa wamekwisha kunywa.

Kaneza aliivuta khanga yake vizuri mabegani. Hakuiangalia tena kreni. Aliniuliza vizuizi vya askari kwenye njia ya Kasulu viko wapi, nikamwambia. Kisha akauliza, kwa Kiswahili, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu aliyekwisha kuanuliwa tanga, akirudi nyumbani, anabisha hodi au anaingia tu.

Nilimwambia anabisha, tena mchana, watu wakiwa wengi, asije akadhaniwa mzimu.