Punguza Kidogo

Kibanda cha dobi kilikuwa na meza moja ndefu, pasi mbili, na kamba zilizokatiza dari kutoka ukuta hadi ukuta. Chini ya mashati ya watu yaliyoning'inia humo ndiko binti yake mdogo alikojifunzia kusoma. Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa hajaacha hata kunyonya kidole, mama yake akamsikia anasoma vitambulisho vilivyoshonwa kwenye kola, kimoja baada ya kingine, kwa sauti ya karani anayeita watu foleni. Kwa udogo wa umbo lake wateja walimwita Nukta, na jina likamganda.

"Mama Dobi, huyu si mtoto," walimtania. "Umetuletea mkaguzi."

Mama alicheka nao, ila kicheko chake kilikuwa na woga ndani. Kumlea mtoto yule kulikuwa kama kubeba bakuli la maji lililojaa pomoni. Macho yote yako kwenye bakuli, njia huioni. Na njiani alikuwapo mtoto mwingine.

Huyo alikuwa kaka yake Nukta, aliyemzidi kwa miaka minne. Vitabu vilimpa taabu, lakini hakuwa mtoto wa kusukumwa. Alikunja shuka peke yake bila kuacha kona, alipeleka mizigo ya nguo kwa wenyewe, na baba yao, dereva wa malori ya masafa marefu, alipokuwa safarini, yeye ndiye aliyefunga milango ya nyumba. Alimbeba Nukta mabegani tangu mtoto anajua kukaa. Tena yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kumtangaza. Alimsimamisha juu ya kreti mbele ya rafiki zake na kuwaambia wamuulize swali lolote wanalotaka, halafu akawatazama wote kwa majivuno, kana kwamba majibu yalitoka kinywani mwake mwenyewe.

Shuleni wakamrusha Nukta darasa, wakamrusha tena, hadi siku moja mwalimu mkuu akamwita mama na kumweleza, kwa furaha isiyojificha, kwamba muhula ujao mtoto ataingia darasa la kaka yake. Mama alirudi kibandani miguu haigusi chini. Aliona watoto wake wawili kwenye dawati moja, mmoja akimshika mwenzake mkono. Ndivyo alivyoona, maskini.

Kumbe mwalimu wa hesabu alikuwa na ulimi. Kaka akikwama ubaoni, mwalimu alimwambia akamuulize mdogo wake. Darasa lilikuwa likiangua kicheko. Wiki chache hazikupita wakampachika jina la Mkia, kwa kuwa mkia hubaki nyuma. Akaacha kurudi nyumbani pamoja na Nukta. Kisha ikawa kila asubuhi tumbo linamuuma, na mama akimgusa paji la uso analikuta baridi. Jioni alikaa mlangoni na kushika tama, na Nukta akimsogelea, yeye anahama.

Mama alikonda kwa mawazo. Alifikiria kumrudisha Nukta darasa la chini, akakumbuka jinsi mtoto alivyokuwa akilia huko kwa kuchoka kungoja wenzake. Alifikiria kumhamisha kaka mtu, akaona ni kumfukuza mwanawe kwa kosa lisilo lake. Basi siku moja, mtihani ukiwa umekaribia, mvuke wa pasi ukimpanda usoni, alisema neno ambalo lilimtoka kwa mapenzi matupu.

"Mwanangu, kwenye mtihani huu punguza kidogo. Kosea machache, kaka yako apumue."

Nukta aliacha kuhesabu vifungo vilivyomwagika mezani. "Machache ya namna gani?"

"Yoyote. Bora yeye akuzidi."

Mtoto alitikisa kichwa kukubali, kama alivyokubali akitumwa sabuni.

Matokeo yalipotoka, kaka alikuwa mbele ya dada yake. Si kwa mbali, ila mbele. Alikuja mbio mpaka kibandani, akamnyanyua mama na kikapu chake cha nguo, akacheka kicheko ambacho mama alikuwa amekisahau. Mama alinunua soda, zikanywewa papo hapo. Kaka akambeba Nukta mabegani tena, akimtania kwamba leo Mkia umetangulia kichwa. Mama aliwatazama akashukuru moyoni. Alijua amefanya vizuri.

Furaha hiyo haikufika mwisho wa juma. Mwalimu aliwapa kazi ya kusahihisha makosa yao nyumbani. Kaka, kwa kuwa roho yake sasa ilikuwa imetulia, alikaa sakafuni kibandani kumsaidia mdogo wake. Alianza na hesabu ya sehemu ambayo wote wawili waliikosa. Akakwama katikati. Nukta, akiwa amejilaza juu ya rundo la mashuka, akamalizia hesabu ile kwa mdomo, hatua kwa hatua, kama mtu anayejisemea.

Kaka aliweka kalamu chini. Akamuuliza kwa upole kwa nini basi aliikosa. Nukta hakuwahi kujua kudanganya. Akamwambia kwamba mama alitaka apumue. Akaeleza na jinsi alivyofanya, kwa sababu ilikuwa kazi ngumu na hakuna aliyempongeza: alijua kaka atakosa zote za sehemu, akazikosa hizo, kisha akaongeza mbili ambazo kaka huwa anazipata.

Mama alikuwa amesimama mezani na pasi mkononi. Alisikia kila kitu.

Kaka hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali apige.

"Darasani wanaponicheka huwa navumilia," alisema, akimtazama mama. "Nilikuwa najiambia nyumbani kuna mtu mmoja anayejua kwamba naweza."

Kaka aliokota daftari lake, akapita kati ya mashati ya watu bila kuligusa hata moja, akatoka.

Aliendelea kwenda shule na kufunga milango. Tumbo halikumuuma tena, wala hakukaa mlangoni. Mama akimsifu kwa lolote, hata kwa shuka aliyoikunja vizuri, alimjibu "ahsante" kama mteja.

Mama akabaki na jambo moja la kuokoa. Alimkalisha Nukta juu ya meza, akamwambia yale maneno ya siku ile yalikuwa makosa ya mama, ayafute kabisa, kuanzia sasa ajibu vile anavyojua. Nukta alisikiliza kwa makini. Ili kuona kama ameelewa, mama akamuuliza swali jepesi la kuzidisha, la aina aliyokuwa akijibu hata kabla halijaisha kuulizwa.

Nukta alimtazama mama machoni, kisha mdomoni, akautafuta uso wote taratibu. Halafu akageuka kuangalia mlango, kama kuna mtu anayesikiliza, akashusha sauti.

"Mama, hili nipate au nikose?"

Mama alimvuta kifuani asiuone uso wake, maana mtoto alikuwa bado anausoma.