Baba Mdogo Atafuta Mlalamikaji

Wafanyakazi wa karakana ya makochi walimwita mwenye karakana Baba Mdogo, ingawa ni mmoja tu aliyekuwa binti wa kaka yake, na kwa mwili hakuwa mdogo hata kidogo. Vijana hao watatu walipoomba Ijumaa iwe ya mapumziko, alikubali upesi mno. Mtu mzima akikubali upesi, ana lake jambo.

"Fungeni," alimwambia binti, msemaji wa wenzake. "Ila mteja mmoja tu akilalamika kwamba kochi lake limecheleweshwa, tunarudi kwenye siku zetu za zamani."

"Na asipolalamika?"

"Mteja asiyelalamika hajazaliwa."

Vijana wakaanza kuingia mapema. Sponji ilikatwa huku vitambaa vikishonwa, na porojo za asubuhi zikahamishiwa Ijumaa. Makochi yakatoka kwa wakati. Hilo lilimuuma Baba Mdogo kuliko kama yangechelewa, kwani yeye aliamini kazi ni kuonekana umechoka.

Akaanza kuwazungukia wateja. Alimkuta mwalimu mstaafu amejinyoosha kwenye kochi jipya.

"Halikukawia kidogo hili?"

"Lilikuja kabla sijaondoa la zamani."

"Kwa hiyo lilikusumbua."

"Lilinifurahisha. Vipi, unataka nikutukane?"

Kwa kinyozi aliambulia soda na sifa. Akabaki na mteja mmoja: mkewe. Nyumbani kwao kochi lilikuwa limebonyea upande mmoja kama mtu mwenye jino bovu.

"Mke wangu, hili kochi halikukeri?"

"Linanikera mpaka ndotoni."

"Basi kesho njoo karakanani useme mbele ya vijana."

Mkewe akamtazama. "Niseme yote?"

"Yote. Usibakize."

Siku iliyofuata, Alhamisi, Mama Mdogo akaja, akasimama katikati ya mbao na vitambaa.

"Kochi langu limecheleweshwa," akasema.

Baba Mdogo akawageukia vijana kwa utulivu wa mshindi. "Mmesikia kwa masikio yenu."

Binti akafuta vumbi kwenye kiti, akamkaribisha. "Pole, Mama Mdogo. Nani aliahidi kulitengeneza?"

"Huyo hapo. Kila nikimuuliza ananiambia kesho. Mtoto wangu alioa kabla hiyo kesho haijafika, sasa nina mjukuu."

Mshonaji akainamia cherehani, mabega yakimtikisika.

"Na wakati anaahidi, tulikuwa tunafunga Ijumaa?" binti akauliza.

"Wapi. Mlikuwa mnashinda humu mpaka Jumamosi."

"Basi Baba Mdogo," binti akasema kwa adabu zote, "lalamiko tumelipata, lakini ni la siku zetu za zamani. Turudi huko huko lilikotoka?"

Baba Mdogo akamgeukia mkewe.

"Hayo ya siku malizaneni wenyewe," Mama Mdogo akasema. "Mimi nataka kochi. Kesho."

"Kesho vijana hawapo," Baba Mdogo akasema, matumaini yakimrudia.

"Nani kawataja vijana? Funguo si unazo?"

Ijumaa mtaa mzima ulimwona akisukuma mkokoteni wenye kochi lililobonyea. Wengine walimsalimia mara mbili, makusudi. Alifungua karakana peke yake, akavua shati, akatafuta stepla ya kubania vitambaa chini ya meza, nyuma ya mbao, ndani ya maboksi yaliyopangwa vizuri kiasi cha kumchanganya.

Mwishowe akampigia binti simu. Ikaita hadi ikakatika. Akapiga tena.

Alipopiga mara ya tatu, ilikuwa imezimwa.