Ua Ulioficha Mzinga

Melania hakumwomba mwanawe dhahabu. Alimwomba mifupa.

"Nikifa mtanilaza karibu na shati," alimwambia Makoye, aliyekuja Maganzo kumwona akitokea kwenye machimbo ya Nyarugusu. "Miaka yote hii nafagia kaburi la shati. Ng'wanone, mwanangu, nimechoka."

Shati lilikuwa la Mageni, mumewe, aliyekufa mwaka 1979 katika vita vya Kagera, ndani ya Uganda, Makoye akiwa bado tumboni. Maiti haikurudi. Ndugu walizika shati na kigoda chake kando ya zizi, wakalia, wakanyoa nywele, wakaanua matanga. Sasa Melania alikuwa kitandani na ugonjwa wa moyo, na daktari alikwisha kumwita Makoye pembeni.

Aliyejua Mageni alipolazwa alibaki mmoja tu: Mzee Deusdedit wa Shinyanga mjini, aliyetumika naye kwenye mzinga mmoja na kumzika kwa mikono yake. Alikuwa mtu wa kujiheshimu. Aliingia jeshini akisoma kwa kubabaisha, akatoka akaingia madarasa ya jioni mpaka akamaliza kidato cha nne, na hata leo hakwenda sokoni bila koti. Makoye alipomweleza haja yake, hakusita.

"Tutakwenda. Kaburi la baba yako halipotei. Nililiwekea alama isiyong'oka."

"Alama gani, baba mdogo?"

"Utaiona."

Njiani, basi likipita Biharamulo kuelekea mpakani, mzee alisimulia. Kazi kubwa ya vita, alisema, si kupiga, ni kutoonekana. Vikosi vingine vilifunika mizinga yao kwa matawi ya miti na majani ya migomba. Kufika adhuhuri majani yamenyauka, na adui akiangalia kutoka kilimani anaona kichaka cha kahawia katikati ya kijani. Anajua pa kulenga.

"Baba yako ndiye aliyetuokoa. Alisema, tukate manyara, ile miti ya utomvu tunayozungushia maboma. Fimbo ya manyara unaikata leo, mwezi ujao bado mbichi. Mtoto wa Kisukuma anajua hilo kabla hajajua kuhesabu. Tukakata usiku kucha, tukachomeka kuuzunguka mzinga, kama zizi lenye mlango mmoja. Mlango uliangalia kaskazini, mdomo wa mzinga ulikokuwa. Walitutafuta siku mbili, hawakutuona."

"Na akafa vipi?"

"Kombora la kubahatisha. Hawakulenga. Tukamzika humo humo ndani ya ua, tukahamisha mzinga, tukasonga mbele. Manyara hayafi, Makoye. Yatakuwa yamekuwa miti."

"Lilikuwa pori?"

"Shamba la migomba la watu. Vita havipigi hodi."

Karibu na Lukaya, ndani ya Uganda, walikuta mahali palipotengenezwa kwa ajili ya wageni: bango, kifaru kilicholiwa na kutu, na juu yake wavu wenye vitambaa vya rangi ya majani. Wazungu wawili walikuwa wakipigwa picha. Mwongozaji, dada aliyevaa shati la mabakamabaka, alieleza kwa Kiingereza jinsi askari walivyojificha. Mzee Deusdedit alishika kile kitambaa, akakisugua kwa vidole.

"Haya hayanyauki," alisema. "Ukijificha kwa haya utalala usingizi. Ni majani yanayonyauka yanayomfundisha askari."

Lakini walipoanza kupanda vilima, mzee alisimama. Kila nyumba ilikuwa na ua wa manyara. Kulia, kushoto, bondeni, mpaka upeo wa macho. Watu wa huku nao walizungushia miji yao mti ule ule.

"Baba mdogo," Makoye alisema polepole, "alama ndiyo hii?"

Mzee alivua kofia, akaivaa tena. "Twende. Tunatafuta ua usio na nyumba ndani."

Waliupata kesho yake mchana. Miti ilikuwa mirefu kuliko nyumba, imesongamana, na mlango wake mmoja uliangalia kaskazini. Nje yake, barazani pa nyumba ya karibu, mama mmoja alikuwa anamenya ndizi. Mzee alivuta koti likae sawa, akasalimia kwa Kiswahili. Mama yule aliweka kisu chini, akaingia nyumbani mwake, akafunga mlango.

Mpwa wake alitoka shambani mbio. Aliitwa Ssalongo, kwa kuwa ni baba wa mapacha, na Kiswahili alikijua kutokana na kuendesha lori hadi Mwanza.

"Msimkasirikie," alisema. "Shangazi na wenzake wa rika lake, Kiswahili walikisikia kwanza kwa watu wenye bunduki."

"Sisi tulikuja kuwakomboa," mzee alisema.

"Sikatai, mzee wangu. Piteni mwone."

Ndani ya ua palikuwa pamepaliliwa vizuri. Na kaburi halikuwa moja. Yalikuwa matatu, sambamba, yamezungushiwa mawe, hakuna lenye jina.

Mama yule alikuwa amewafuata. Alisimama mlangoni mwa ua akasema kwa Kiganda, na Ssalongo akafasiri. Alikuwa msichana wa kuteka maji. Asubuhi moja waliamka wakakuta miti imesimama shambani ambayo hawakuipanda. Baba yake akawaambia, msiiulize kitu. Kisha makombora yakaanza kuitafuta miti ile. Ule mzinga ukaondoka, lakini makombora hayakujua kwamba umeondoka. Yakaendelea. Yakawaua baba yake na kaka yake. Waliosalia wakakimbilia kwenye mafunjo ya kinamasi, na waliporudi wakakuta kaburi bichi ndani ya ua. Hawakujua ni la nani. Wakazika wafu wao pembeni yake, maana humo mbwa hawakuweza kuingia. Mvua za mwaka ule zikasawazisha yote. Mawe yaliwekwa baadaye.

"Anasema wanapalilia yote matatu," Ssalongo alimalizia. "Hawachagui."

Makoye alitua begi lake. Ndani yake mlikuwa na sanda na sururu fupi ya mchimbaji.

"Baba mdogo, lipi?"

Mzee alitembea kati ya makaburi. Alisimama kwenye la kwanza, akageukia la tatu. Makoye alipiga magoti akachota udongo, akauvunja kwenye kiganja. Nyarugusu alisifika kwa hilo. Aliweza kugusa kifusi akasema duara, shimo la dhahabu, lilichimbwa lini. Akaumwaga.

"Ule ule. Yalichimbwa wakati mmoja." Akashika sururu. "Basi yote. Nitajua baba yangu nikimwona."

"Utamjua kwa kitu gani?" mzee aliuliza. "Hukuwahi kumwona."

Ssalongo hakuhitaji kufasiri. Mama yule alipita katikati yao akaketi juu ya kaburi la katikati, akakunja miguu, akaweka viganja vyake viwili kwenye udongo.

"Nyinyi mlijificha kwetu," alisema, kwa Kiswahili kilichonyooka. "Sisi tungejificha kwa nani?"

Makoye alimsogelea mzee mpaka karibu na sikio.

"Onyesha moja. La pembeni pale. Mama anakufa, baba mdogo. Onyesha lolote."

Mzee Deusdedit aliyatazama yale mawe.

"Nikuonyeshe baba wa huyu mama, ukamlaze na mama yako?" alisema. "Sijui ni lipi. Sijui, Makoye."

Wakitoka, Makoye alivunja fimbo ya manyara kwenye ua, utomvu mweupe ukamchirizika mkononi, akaifunga ndani ya sanda.

Melania aliipokea akiwa ameinuliwa kwa mito. Aliipapasa urefu wake wote, uso umelainika.

"Hii ameishika yeye?"

"Aliichomeka yeye, mama. Imekua juu yake. Nitaipanda pale kwenye shati."

"Na wenyewe walisemaje mlipoiomba?"

Makoye alitazama dirishani.

"Kulikuwa shamba la watu?" mama aliuliza.

Mzee Deusdedit, aliyesimama mlangoni na koti lake, alijibu badala yake. Alieleza yote, makaburi matatu na yule mama aliyeketi. Melania alisikiliza mpaka mwisho, kisha akairudisha fimbo juu ya shuka, mbali na mkono wake.

"Shemeji, wewe ni Msukuma," alisema. "Mtu akipanda manyara katika shamba la mwenzake, huku kwetu tunamwitaje?"

"Mnyang'anyi wa ardhi," mzee alisema. "Wazee wanamtoza ng'ombe."

"Na mume wangu aliyapanda. Nanyi mmekwenda, mmekata tena bila kuomba." Alivuta pumzi. "Usiipande. Rudini mkaombe. Kwa manyara yale ya kwanza na kwa fimbo hii. Nitajitahidi kuwasubiri."

Waliondoka alfajiri. Hawakuwa wamefika Bukoba simu ya Makoye ilipoita, na kabla hajaipokea alikwisha kujua. Walishuka kando ya barabara.

"Wewe rudi ukamzike," mzee alisema. "Mimi nakwenda."

"Peke yako? Kiswahili hataki kukisikia, na Kiganda hujui."

"Nitapiga magoti. Hilo halifasiriwi."

Alivua koti akampa Makoye, akabaki na shati, mzee mwembamba kuliko alivyodhaniwa, akapanda gari la kwanza lililoelekea mpakani.

Siku ya mazishi Maganzo ilijaa watu. Kaburi lilichimbwa kando ya lile la shati. Makoye aliiweka fimbo ya manyara ukutani, karibu na mlango, simu mfukoni. Jeneza lilikuwa limeshatolewa nje simu ilipoita.

"Amenisikiliza," sauti ya mzee ilisema kutoka mbali. "Nimekaa chini tangu asubuhi. Hajasema ndiyo. Anasema nirudi kesho."

"Baba mdogo, tunazika sasa hivi."

"Nimemwambia. Anasema hata wao walizika upesi."

Makoye alikata simu. Wazee walikuwa wakimwangalia, mmoja ameshika jembe, akionyesha kwa kidevu ile fimbo ukutani, ipandwe. Makoye alitikisa kichwa kukataa. Alichota udongo kwa mkono, akautupia mama yake, aliyelala karibu na shati kama alivyoogopa.

Jioni watu walipotawanyika fimbo ilikuwa pale pale, haina maji wala udongo, na bado ilikuwa mbichi.