Hatua Saba

Émérance alirudi Kabambare siku ya kumi tangu aondoke, vumbi la safari ya pikipiki likiwa limemganda hadi kwenye kope. Alikuwa amekwenda Kasongo kumzika mama yake. Mkuu wa shule peke yake ndiye aliyejua. Wengine aliwaambia ana safari tu. Miaka miwili alikuwa akifundisha hapa, na bado hakuwa na mtu wa kumwambia jambo kama hilo.

Hakuanzia nyumbani. Alipitia kiwanjani, mahali alipokuwa akiwafundisha watoto sita kuruka mbali. Tangu mvua za kwanza aliwapeleka polepole: kuruka wakiwa wamesimama, kisha kwa hatua tatu, kisha tano. Watu waliwacheka watoto kwamba wanafundishwa kutembea. Siku aliyoondoka aliwaacha kwenye tano, na alidhani atakuta wametawanyika.

Aliwakuta wanaruka. Aicha, mkubwa wao, msichana wa miaka kumi na minne, alisimama kando ya mchanga akihesabu kwa sauti. Hatua saba.

"Nani aliwaambia muongeze?"

"Hakuna mutu, Madamu. Tulikaa kwa tano siku ine. Célestin alikuwa anachanganya miguu. Aliposhika, ndipo tukaenda saba."

Célestin akakimbia, akakanyaga mstari kwa mguu wa kushoto, akatua kwa miguu yote miwili, magoti yamekunjwa. Hakukuwa na la kusahihisha. Hata Émérance mwenyewe angeongeza hatua siku hiyo hiyo. Furaha ilimpanda, kisha ikamwacha baridi: Kasongo hakuna tena anayemngojea, na hapa pia hawakumngojea.

Jua lilipoinama watoto wakaenda kwao kutwanga mihogo. Aicha alibaki na jembe, akisawazisha mchanga.

"Safari ilikuwa muzuri, Madamu?"

"Mama yangu alikufa, Aicha. Nilienda kumuzika."

"Pole sana, Madamu," alisema msichana. Wakasawazisha mchanga pamoja hadi mama yake Aicha alipomwita kutoka barabarani.

Émérance akaenda kufungua nyumba yake. Ndani mlikuwa na joto na harufu ya panya. Aliketi bila kuvua viatu, akalia kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Kesho yake Aicha aliuliza kama wataenda tisa.

"Bado," alisema Émérance. "Tukae kwa saba kidogo."